Nyasi Tulizoziacha Zirefuke Buruburu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika baraza la jiji, nilipewa fyekeo, tupa ya kulinolea, na ukingo wa barabara pale Umoja ambao mwisho wake sikuuona kwa ukungu wa asubuhi. Fomani wetu, Mzee Odera, alikuwa mtu mrefu aliyetembea mikono ikiwa mgongoni. Alinitazama nikipiga mapigo matatu, akanisimamisha.

"Mutua, unapiga nyasi kama unaua nyoka. Hii kazi si ya mkono, ni ya kiuno. Liache lipite lenyewe."

Ilinichukua mwezi mzima kumwelewa. Fyekeo, ambalo wengi huku huliita slasha, ni bapa la chuma lililopinda mwishoni. Likiwa kali, na mwili wako ukiwa umelegea, hupita juu ya ardhi kwa sauti kama ya mtu anayepumua usingizini. Baada ya saa moja hujui kama unafyeka au unaota unafyeka. Ujana wangu ulipita hivyo, katika harufu ya majani mabichi, mawazo yakiwa mbali kule kwetu Ukambani.

Kazi yetu ilipimwa kwa usawa. Fomani alichuchumaa, akafumba jicho moja na kutazama juu ya nyasi kama seremala anavyotazama ubao. Ua likiwa limebaki limesimama, alilielekeza kwa ncha ya kiatu, nami nilirudi kulikata. Chochote kilichochanua tulikiita gugu. Nilikuwa hodari. Fomani alipostaafu alisema mbele ya wenzangu kwamba hajaona mtu anayefyeka sawasawa kama mimi, na maneno hayo niliyabeba miaka mingi.

Baadaye nilihamishiwa Buruburu. Nyumba za kule zimejengwa kwa mafungu, na kila fungu, ambalo wakazi huliita koti, limezunguka kiwanja kidogo cha nyasi. Mkuu wangu mpya alikuwa Afisa wa Bustani, Bi. Nasimiyu, mama mpole aliyevaa gambuti hata wakati wa kiangazi. Asubuhi moja alinipeleka kwenye koti moja, akanionyesha kiwanja.

"Mwaka huu katikati hapa usifyeke."

"Nifanye nini basi, madam?"

"Fyeka pindo peke yake."

Pindo ni ukanda wa hatua mbili kuzunguka kiwanja, unaokatwa mfupi na kunyooshwa kama upindo wa leso. Watu wakiliona limetunzwa, alinieleza, watajua kwamba katikati hapajasahauliwa, pameachwa kwa makusudi, ili maua ya porini yarudi na wadudu wayafuate.

Mvua zilianza. Kwanza kulikuja kishonanguo, lile lenye mbegu za kunasa suruali. Yakafuata maua madogo ya buluu yanayofunguka alfajiri na kujikunja jua likipanda. Kisha mitoo, mboga wanayoipenda sana watu wa magharibi, ikasimama na maua yake ya njano, na nyuki weusi wakubwa wakawa wanaitembelea, wazito, wakiinamisha kila tawi. Nilikuwa nikimaliza pindo mapema, nikakaa kwenye jiwe. Kelele za Jogoo Road zilikuwa zikinifikia kwa mbali, kama habari za mji mwingine.

Wakazi hawakufurahi. Mwenyekiti wa koti, Mzee Wafula, karani mstaafu aliyekuwa amefiwa na mkewe, aliitisha mkutano.

"Hapa ni makao ya watu," alisema. "Kesho ni nyoka, kesho kutwa ni wezi wamejificha. Tutandaze matofali ya kabro, tuegeshe magari."

Bi. Nasimiyu aliomba muda mpaka mbegu zikomae. Walimpa mpaka mwisho wa mvua.

Kilichonishinda mimi ni aibu. Vijana wa kuosha magari walikuwa wakiniita kila nikipita: "Niaje, mzee! Siku hizi job ni kutazama nyasi?" Wafyekaji wenzangu walicheka nao. Mimi, niliyesifiwa na Mzee Odera, nilikuwa nimegeuka mlinzi wa kichaka. Bi. Nasimiyu alipokwenda kwao kwa matanga, nilinoa fyekeo langu, nikaingia katikati.

Nilifyeka kiwanja chote. Kufikia saa sita kilikuwa tambarare, nami nilikuwa nimelowa jasho, moyo umetulia. Kisha nikaona nyuki. Walikuwa wakija na kuning'inia hewani, mahali pale pale maua yalipokuwa, wakizunguka, wakiondoka, wakirudi tena.

Mlango ukafunguka. Mzee Wafula alikuja polepole na mkongojo wake.

"Nani amekutuma?"

"Si ninyi mlitaka pafyekwe, mzee?"

"Tulisema mwisho wa mvua. Mvua haijaisha."

Alisimama akitazama mitoo iliyolala chini. "Mke wangu alikuwa akiipika kwa maziwa," alisema. "Asubuhi nilikuwa ninakunywa chai dirishani nikiitazama. Hata watoto sikuwaambia."

Aliokota kitawi kimoja, akarudi ndani.

Bi. Nasimiyu aliporudi alisimama kwenye kiwanja kile muda mrefu. "Umefyeka sawasawa kweli," alisema. Heri angenigombeza. Nilimwambia ukweli, kwamba nilifyeka kwa sababu niliogopa kuchekwa. Alinisikiliza, akafungua mkoba, akanipa bahasha za kaki za kutilia mbegu.

"Kukata unajua. Sasa ujifunze kuotesha."

Hapo ndipo nilipoanza kazi upya, nikiwa na mvi. Nilijifunza kungoja ganda likauke mpaka ukilitikisa lilie. Nilijifunza kutomaliza mbegu za mmea mmoja, kuzianika kivulini, kukwaruza udongo, kuzichanganya na mchanga ili zisirundikane, na kuzikanyaga kwa mguu mtupu. Nilitembea kando ya reli na kwenye viwanja vya Tassia vilivyokuwa vikingoja kujengwa, nikiokota kabla matingatinga hayajafika.

Mzee Wafula aliitisha mkutano mwingine. Safari hii aliomba wangoje msimu mmoja. Walibishana sana, mwishowe wakakubaliana kona moja iwekwe kabro kwa magari, sehemu iliyobaki iachwe. Msimu ule maua ya buluu yalirudi mengi. Mitoo ilirudi mashina machache tu, na nyuki wale weusi hawakuonekana mpaka mwaka uliofuata. Mzee Wafula aliwaona. Mara mbili tatu aliniletea kikombe cha chai pale nje, tukanywa tukiwatazama.

Alipofariki, binti yake alikuja kufunga nyumba. Nilimpa bahasha ya mbegu za mitoo, aende nazo nyumbani Bungoma. Aliishika, akanitazama, akaitia kwenye mkoba pamoja na funguo.

Nilizeekea kazi hiyo ya kuotesha. Si kila mahali tulifaulu. Kule Umoja kiwanja kimoja kiligeuka jaa la taka, kwa sababu hatukuwauliza wakazi kwanza. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine zinazofyeka kwa nusu saa tulichofyeka siku nzima. Zitumieni. Lakini kabla ya kuziwasha, simameni kidogo mtazame kuna nani ndani ya nyasi, na kuna nani dirishani.

Sasa ninaishi Tassia, ghorofa ya nne, ambako kijani pekee ni nguo zikianikwa. Juzi miguu ilinipeleka Buruburu. Kiwanja kilikuwa kimechanua, hewa juu yake ikitetemeka kwa mabawa, nami nikaanza kukikatiza kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Mama mmoja nisiyemjua, beseni mkononi, aliniita kutoka mlangoni.

"Mzee, samahani, pitia kando. Hapo katikati hatupakanyagi."

"Pole, mama. Sikujua," nikamjibu, nikazunguka.