Abiria wa Kiti cha Kushoto

Siku ya harusi ya dada yake, fundi Rula alinyang'anya kipaza sauti akautangazia ukumbi mzima: "Gari nikilinyoosha mimi, achia usukani upige makofi! Likiyumba, nivisheni gauni!" Aliyecheka zaidi ni bwana harusi, mtu mnene ajabu, asiyejua kuendesha hata toroli. Ndoa nzima alikaa kiti cha kushoto, mkewe kwenye usukani.

Shemeji alipofariki, gari lao likaanza kuvuta kushoto. Na kila asubuhi dada alipita nalo kwenye daraja lisilo na ukingo, watoto nyuma.

"Kaka, gauni lako liko tayari," alisema akiingiza gari gereji. Uso haukuwa wa utani. "Jana tairi lilikanyaga pembeni kabisa mwa daraja."

Rula akafunga nyuzi ubavuni mwa gari, akapima. Matairi hayakuachana wala kukumbatiana. Yalisimama wima kama askari wa gwaride. Akalipeleka barabarani, akaachia usukani. Likavuta kushoto taratibu, kama mgonjwa anayekushika mkono usiondoke.

Akarudi, akapima tena. Kushoto kumeshuka vidole viwili. Akalaumu springi, akafunga mpya. Kumeshuka vilevile. Akafungua mlango wa kushoto achungulie kiti, na gari likainuka, likipumua kama linavyopumua mtu mzito anaposhuka. Akaufunga. Likakaa chini tena.

"Dada, hebu sogea huku."

"Nimeona," dada alisema. "Mfunge mkanda. Halafu pima naye humohumo."

"Unanitania."

"Alikuwa anakutania yeye. Pima."

Rula alijua vizuri: uzito ukilaza tairi, vipimo vya gari tupu havina kazi. Ila uzito huu hakufundishwa na mtu. Akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu; ukagoma katikati, kama umefika kwenye tumbo. Akapima, akanyoosha, akakaza nati.

Walikwenda kujaribu. Rula alikaa nyuma bila kuambiwa. Barabara iliponyooka, dada akaachia usukani. Gari likaenda kama limechorwa kwa rula. Dada akapiga makofi, machozi yakimtoka.

Rula alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono yote miwili. Hata hivyo, makofi yalisikika ya watu wawili.

Kesho yake aliongeza mstari kwenye kibao cha gereji. Kunyoosha gari tupu, elfu thelathini. Lenye abiria, elfu thelathini na tano.