Mume Wangu Hana Timu, Ana Mchezaji Mmoja Tu

Admin, naomba unifichie jina, maana Wakongo wa Yeoville wote wanasoma ukurasa huu na mume wangu wanamjua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Tanga, msusi. Naishi Bellevue, Johannesburg, na mume wangu, Mkongo wa Uvira, mlinzi wa maghorofa kule Doornfontein. Tuna binti mmoja. Wakati ananioa aliniambia hajawahi kuoa wala kuzaa. Mwanaume wa miaka arobaini hana hata mtoto wa kusingiziwa? Sikuamini, ila nilikuwa nimeshapenda, nikameza.

Kuanzia 2015 ikaja tabia mpya. Ikifika Septemba, kila Jumapili jioni anaoga, anajipaka mafuta, anaaga kwamba anakwenda mtaa wa Observatory kuangalia mpira. Siku nyingine anarudi anaimba, siku nyingine hagusi chakula. Krismasi ikipita, safari zinakwisha. Nikimuuliza nani kamfunga nani, anajiumauma. Shoga yangu Mkongo tunayesuka naye akanicheka: "Dada, mwanaume mwenye kuoga vile Jumapili, kuko mwanamuke!" Basi roho ikaanza kuniwaka.

Jumapili moja nikamfuata. Alipokuwa amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kusubiri magari yapite, nikajibanza nyuma ya spaza, kibanda cha duka. Aliingia kwenye baa ndogo. Nilijipanga kwa ugomvi, naapa, hata hereni nilivua. Nikamkuta peke yake na soda, macho kwenye televisheni, wanaume wamevaa helmeti wanavamiana. Mpira wa Kimarekani! Hakuniona. Mwenye baa ni Mrundi, nikamuuliza chinichini huyu mzee anashabikia timu gani.

"Mama, uyu hana équipe," akasema. "Anafuata namba kumi na nne. Namba kumi na nne akihama, na yeye anahama. Wakimuweka inje, analipa soda, anarudi kwake. Ni bizarre, ni ajabu kabisa."

Nikamtazama huyo kumi na nne. Kazi yake ni kukimbia pembeni ya uwanja na kudaka mpira unaorushwa kutoka mbali, huku majitu yanakuja kumvunja. Siku hiyo mpira ulimponyoka mikononi. Mume wangu akashika kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, papa." Moyo ukanilipuka. Wakongo ndivyo wanavyombembeleza mtoto wa kiume, na binti yetu, mume wangu humwita "mama". Halafu yule kijana akavua helmeti. Kidevu cha mume wangu, meno ya mume wangu, mpaka ule mtindo wa kulamba mdomo akiwa na hasira.

Nilirudi nyumbani kabla yake, nikaanza kupeleleza. Kijana kazaliwa Uvira, kakulia kambi ya wakimbizi Kigoma, kapelekwa Amerika mdogo na mama yake. Mwaka wa kwanza wa kulipwa alikuwa wa mazoezi tu, siku ya mechi anasimama pembeni na nguo za kawaida, na kumbe mume wangu alikuwa anakaa jioni nzima angalau amwone akipita kwenye kamera. Kwenye timu ya pili alivuka na mpira mstari wa mwisho, ndiyo zile Jumapili za kuimba. Timu ya tatu goti likapasuka. Mwaka jana, 2018, wakamwacha, na hakuna aliyemchukua tena. Mume wangu akakonda mpaka majirani wakaanza kuninong'ona mimi. Hapo nikamweka chini. Nikamwambia namba kumi na nne ni mwanao, usinione mjinga.

Alilia, halafu akasema, "Kule kambini, bajane na batoto babo ndio balikuwa banaitwa mbele kwenda Amerika. Ba mwanaume tulikuwa tunabakia. Tukapatana na mama yake, miye nikufe. Yeye aseme ni mujane, akifika atanitafuta."

"Akakutafuta?"

"Aliolewaga. Habari yabo ninaionaga ku Facebook tu. Kama ninatokea, batamurudisha. Niache nibakie mufu."

Talaka hakutoa. Kwa hiyo hata mimi sijui ni mke wa ngapi. Iliniuma sana. Lakini nyie wenzangu, mwanaume aliyetelekeza familia hakosi hadithi tamu. Nikamtafuta kijana mtandaoni, nikamwandikia kama shabiki, nikamuuliza baba yake yuko wapi.

Alijibu mwenyewe. Anasema baba yake alifia kambini, mama yake alimpeleka kaburini kabla hawajaondoka, na yeye kwa mkono wake mdogo alitia udongo. Anasema mpira umeisha, sasa ana nafasi, Desemba hii anakwenda Kigoma kulijengea lile kaburi. Kisha akauliza: wewe ni nani?

Nilimuuliza mume wangu, pale kambini kuna kaburi la nani? Akasema habari ya kaburi haijui. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa, au wa mtu anayejua kuigiza, mimi sijui tena.

Labda mama alimdanganya mtoto ili asije akaropoka kwenye mahojiano ya wakimbizi ya kwenda Amerika. Au labda huyu bwana aliwakimbia, na mwanamke kwa uchungu akaamua kumzika. Nikisema ukweli, mama wa watu anaweza kuharibikiwa na makaratasi kule kwa neno langu. Na sitaficha, naogopa pia mume wangu akimpata huyo mwana, mimi na binti yangu tutabaki kuwa wapangaji kwenye maisha yake.

Nikinyamaza, kijana atapanda ndege na goti lake bovu akalie juu ya kaburi la mtu asiyemjua, huku baba yake yuko jikoni kwangu anakunywa chai. Nisaidieni mawazo, na wenye matusi tukaneni tu lakini mnijibu. Tiketi ameshakata. Nimwandikie mimi ni nani?