Mwanangu kanipambia ukumbi, majirani wamebaki barazani

Naomba jina langu mlifiche, maana mtaani kwetu ukipiga chafya chumbani, jikoni kwa jirani wanakuombea rehema.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, nnakaa Mpendae, huku visiwani. Kusoma sikusoma sana, darasa la nane nikaolewa, lakini nimezaa msomi. Ninaye mmoja tu, wa kiume, injinia, yuko Maskat na mkewe na watoto wawili. Sisemi kwa kuwa nimemzaa mie, lakini huyo mtoto ukimuona utasema mashaallah kabla hujaulizwa. Haipiti siku hajanipigia simu. Kuja ndiyo hajaja, huu mwaka wa nne.

Ukumbi wangu zamani haukuwa na kitu. Sakafu ya saruji nyekundu, jamvi kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na mito ya kuegemea. Lakini watu! Ikisaliwa alasiri wanawake wa mtaa wanaingia na ukili wao wa mikeka, tunasuka, tunakunywa chai ya mdalasini, tunawateta wasiokuwepo, Mungu atusamehe. Khitma ikiwepo, inasomwa kwangu. Bibi harusi akitiwa hina, anatiwa kwangu. Nilikuwa nikijisifu kuwa sijui kunywa chai peke yangu.

Mwaka jana mwanangu akaniambia, "Mama, nataka ukae kama mama wa injinia. Chagua unachotaka, nalipa mie." Akawa ananiletea picha kwenye simu. Sitamsingizia mtu, nilichagua mwenyewe. Marumaru zinazong'ara mpaka unajiona uso, mapazia ya rangi ya dhahabu, dari la jipsam lenye taa zake. Makochi yalikuwa ya kahawia na meupe. Nikachukua meupe, maana ya kahawia mtaa mzima wanayo. Jamvi nikalikunja nikalisimamisha nyuma ya friji.

Siku ya kwanza walikuja wote kutazama. Nimesimama mlangoni kama niliyeolewa juzi. "Miguu pangusieni hapo, jamani, hapo kwenye kitambaa!" Wakacheka, wakapangusa.

Nyuma yao akaingia jirani yangu, nitamwita Bi Mize, si jina lake. Miaka thelathini ukuta kwa ukuta. Nilipokaa eda, miezi minne na siku kumi, yeye ndiye aliyekuwa akinipikia na kulala kwangu. Siku hiyo alikuwa anatia rangi ukili, kaja mbio asipitwe, vidole vyekundu na kanga ina madoa. Akataka kukaa. Mimi nikasema, "Ngoja Mize, ngoja kwanza nikutandikie."

Nikatoa shuka kuukuu, nikalitandika juu ya kochi.

Nyote mnajua, mgeni akija anatandikiwa mkeka, ndiyo heshima yake. Mie nilimtandikia mwenzangu ili asiliguse kochi. Akalitazama lile shuka, akaniuliza taratibu, "Hili umenitandikia mie, au umelitandikia kochi?"

Nikafanya kucheka. "Rangi nyeupe hii, mwenzangu, haitaki mchezo!"

"Basi mie nshachelewa," akasema. Chai yake ikapoa mezani.

Hatukugombana. Tukionana tunaamkiana, tunaulizana hali. Lakini hakuna anayeingia tena. Mwezi wa pili yake ikasomwa khitma nyumba ya nne kutoka kwangu, kwenye vyumba viwili vidogo, watu wamebanana mpaka uani. Nikauliza, "Mbona hamkuleta kwangu?" Mmoja akanijibu, "Tungekaa wapi, bibi wee? Kwako siku hizi yanakaa makochi."

Wanapokaa sasa ni nje, kwenye baraza yangu, ile ya saruji aliyoijenga marehemu mume wangu. Hiyo hawakuisusa, ina kivuli. Kila alasiri nawasikia wanacheka, na mimi niko ndani nyuma ya pazia la dhahabu, nimepika chai ya watu wanane. Kutoka naona haya. Kuwaita naona haya zaidi.

Sasa mwanangu anataka hiyo baraza ivunjwe. Ukumbi usogezwe mpaka mbele, utiwe mlango wa vioo na meza ya kulia ya watu kumi. "Wajukuu zako hawajui kula chini, mama. Ikimalizika tu, tunakuja sote." Nikamwambia asubiri kidogo. Akaniuliza, "Kwani mama, hukupenda nilivyokufanyia?" Jamani, sauti ile ile ya alipokuwa mdogo, akiniletea daftari nione alama zake. Nikamwambia nimependa, naye akampangia fundi Jumamosi. Ningemwambiaje?

Na mimi kwa mdomo wangu huu, badala ya kunyamaza, nikafungua dirisha nikawatangazia walioko barazani, "Kaeni kaeni, mwisho wenu Jumamosi, mwanangu ananitilia vioo!" Bi Mize akaendelea kusuka. Kisha akasema, "Hongera, mwaya. Mungu akujaalie na wa kuvitazama."

Tangu hapo sijalala vizuri.

Nikikataa, naogopa mwanangu ataona nimeitupa zawadi yake, na safari ile ataiahirisha tena. Nikikubali, labda atakuja, atakaa wiki mbili, atarudi kwake. Na hapo nje patakuwa kioo, hata vicheko vyao sitavisikia. Nawaza pia nilitoe lile jamvi nyuma ya friji, nikalitandike barazani, nimwambie Mize nisamehe, hili nimekutandikia wewe. Lakini je, akinyanyuka akaenda zake mbele ya watu?

Nnayaandika haya nimekaa chini, kwenye msala wangu wa kusalia, mgongo nimeuegemeza kwenye kochi. Hata mie mwenyewe silikalii. Nje wameshafika, namsikia Mize akikohoa.

Enyi wenye watoto mbali na majirani karibu, niambieni kweli, hata mkinitukana nitasoma. Jumamosi asubuhi fundi atapiga hodi na nyundo yake mkononi. Nimjibu nini?