Tulivyomsindikiza Eliaichi kwa Ngoma

Jumapili iliyopita, kule Kijenge, mjukuu wangu alicheza na wenzake wakimsindikiza binamu yao aliyeolewa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilimkumbuka dada yangu Eliaichi.

Siku yake ya kuolewa, nyumbani kwetu mlimani kulinukia maziwa ya mgando na kahawa iliyoanikwa. Mama alinipaka mafuta miguuni akasema, "Wewe utacheza mbele. Usigeuke nyuma." Nilijiona mkubwa. Nikacheza hasa, njia nzima ya migombani, wasichana wakiimba, Eliaichi akitufuata na khanga kichwani. Alikuwa analia. Nilidhani viatu vipya vinambana, nikageuka nikamwambia, "Si uvue, dada, uje ucheze!" Shangazi akanifinya.

Kwenye masale yaliyopandwa mpakani mwa shamba letu, ngoma ilikatika. Upande wa pili walisimama watu wa mume. Watoto tukaambiwa turudi.

"Na Eliaichi je?"

"Huyu sasa ana kwake," shangazi akasema.

Nikang'ang'ania gauni la dada. Wanawake wakanibandua kidole kimoja kimoja.

Leo najua ndivyo ilivyo. Hata mimi nilitoka hivyo, na binti zangu nimewatoa mwenyewe. Lakini jioni ile nilikataa kula, nikamwambia mama, "Ningejua, nisingecheza."

Mama aliendelea kukoroga chungu, mgongo kanipa.

"Hata msingecheza," akasema, "wangemchukua."