Kimo cha Mumo

Leo nimeshindwa na swali la muuza baiskeli.

Nilikwenda dukani Hurlingham, hapa Nairobi, kumchagulia mjukuu wangu, Mumo, baiskeli. Nilitaka moja itakayopanda vilima vya Ngong, na Jumapili baada ya kanisa tuzunguke nayo mtaani polepole, yeye na mimi.

"Iko hii ya tairi pana, mzee. Lakini huyo mtoto ni mrefu aje?"

(Nimenukuu alivyosema.)

Nikainua mkono, vidole vikielekea juu, kama tunavyoonyesha kimo cha mtu. Kiganja kikiangalia chini ni kwa kimo cha mifugo.

Mkono ukasimama kiunoni.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Akaushika mkono wangu kwa heshima, akaupandisha hadi begani.

"Labda hapa, mzee. Kwani hamuonani?"

Hatuonani. Nilimkaripia baba yake, mwanangu, mbele ya wageni, akaondoka na familia yake. Mumo alikuwa darasa la kwanza.

Nimerudi bila baiskeli. Simu ninayo mkononi.

Ninyi mliowahi kumwomba mwana msamaha, mlianza na neno gani?