Tofu kwenye Sahani ya Kamatanda

Niliacha nyama kwa sababu ya mbuzi. Mfanyabiashara mmoja wa Kamina alinichukua nisafiri na mbuzi wake kwenye behewa hadi Likasi, niwape maji na majani, nifukuze wezi vituoni. Treni ikaharibika porini, tukakaa huko muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Usiku ulikuwa na baridi, nikawa nalala katikati yao. Walizoea sauti yangu hata nikikohoa wanainua vichwa. Tulipofika niliwashusha mmoja mmoja, wakachukuliwa. Yule tajiri akaninunulia mchuzi wa mbuzi kunishukuru. Niliushika mfupa, nikaurudisha sahanini. Sijala nyama tangu hapo, na sababu sikumwambia mtu. Ukiwa mwanaume mzima, mgeni mjini, utaanzaje kusema habari kama hiyo?

Nilibaki Likasi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimeosha sufuria Kolwezi, nimepakia makala, makaa ya kupikia, Lubumbashi, nimesukuma baiskeli za mizigo Kasumbalesa. Kila mji nautaka mpaka niujue, halafu nautaka mwingine. Hapa nilipata chumba ndani ya lupango la mama mmoja mjane, uwanja wenye vyumba vinne na bomba moja. Mama huyo alikuwa anapika kikanda na kukiuza. Kazi nilipata upande wa Kamatanda, kuosha mawe ya shaba kabla wanunuzi hawajayapima.

Kuosha mawe ni kuinama majini tangu asubuhi. Kelele za maji na mawe haziruhusu maongezi. Maongezi yalikuwa ya saa sita mchana tu. Kila mtu alitoa mchango wake, bukari, ugali wetu, ikaletwa kwenye sahani moja kubwa, bakuli la mboga katikati, mikono yote ikaingia humo. Hapo ndipo ulipojua nani ana mtoto mgonjwa, nani amegombana na mke wake, nani anadanganya. Usipokula kwenye sahani ile, wale watu hujafanya nao kazi, hata kama mmeinama bega kwa bega.

Siku za kwanza nilichovya tonge kwenye mchuzi nikikwepa vipande. Waliniona. Mkubwa wetu, mwanaume ambaye Jumapili alikuwa anahubiri kwenye kanisa la uamsho, akaniuliza mbele ya wote.

"Kaka, nyama inakufanyaka nini?"

"Siitaki tu."

"Ni tangu utoto, ao ni siku hizi?"

"Siku hizi."

Wakatazamana. Mcheshi mmoja akasema, "Kesho atakatala na kuoga," wakacheka, lakini kicheko kilikatika haraka.

Mtu wa machimbo akiacha chakula ghafla bila ugonjwa, watu wana jibu tayari: amekwenda kuchukua dawa ya bahati, na dawa ina mwiko wake. Na bahati ile haitoki hewani. Inavutwa kutoka kwa walio karibu, hasa wanaokula naye. Nilikataa kwamba nina dawa, lakini kukataa ndiyo kazi ya kwanza ya mwenye dawa. Kesho yake nilikuta chakula changu kimetengwa kwenye sahani ndogo ya plastiki, juu ya gunia.

"Yako njo hii, kaka," mkubwa akasema kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Nikawa nakula nikiwapa mgongo, nasikiliza.

Kule Kolwezi nilikoosha sufuria, kwenye kantini ya wageni, mpishi aliwahi kunipa kipande cheupe, nikadhani ni jibini isiyo na chumvi. Akaniambia ni tofu, inatoka kwenye soja, nayo hushika nafasi ya nyama. Nikafikiri: nikileta mboga tamu isiyo na nyama, ikaingia kwenye bakuli la wote, nitakuwa na sababu ya kurudi kwenye sahani kubwa. Soja inauzwa sokoni Likasi, watu huisaga kwa uji wa watoto. Tatizo ni kwamba namna ya kuigandisha yule mpishi hakunionyesha.

Nililoweka soja jioni, asubuhi zikawa zimevimba na maganda yanateleza. Nikaazima kinu cha mama mwenye lupango.

"Mwanaume unatafuta nini mu kinu?" akauliza.

"Natafuta nyama, mama."

"Mu soja? Basi twanga, utakuta mifupa."

Nilitwanga, nikaongeza maji, nikakamua kwa kitambaa safi. Maziwa yake nikayachemsha kwenye mbabula, jiko la makala, nikikoroga bila kuondoka, maana hufurika ghafla na kuzima makala. Yanahitaji kuchemka mpaka ile harufu ya maharage mabichi iishe. Halafu ikaja hatua ya kugandisha, na mama akajua mara moja la kufanya. Kikanda chake ni viazi vya porini vilivyokaushwa na kutwangwa, vikapikwa na unga wa karanga, na kinachokifanya kishikane hadi kikatwe kwa kisu ni maji ya majivu. Maisha yake yote ameona majivu yakishikanisha. Mimi pia niliona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Tukamimina.

Maziwa yakageuka manjano, yakawa ya kuteleza. Tukangoja. Mama akachovya kidole, akanusa.

"Hii ni sabuni, baba. Leta mashati yako."

Hata bata wake waliikataa.

Nilijaribu tena, majivu kidogo, kisha majivu mengi, kila mara nikipata sabuni. Mwishowe nilichoka, nikapika maziwa yale ninywe tu kama uji, bila kuweka kitu. Nikajaza kikombe, nikakamulia limau kama ninavyofanya kwa uji wowote, kama kila mtu hapa anavyofanya. Kikombe kikakatika mbele ya macho yangu: mawingu meupe juu, maji ya kijani chini. Nilimwita mama kwa sauti mpaka akatoka na sabuni kichwani. Sufuria ilikuwa bado ya moto. Tukakamulia malimau pole pole tukikoroga mara chache, tukaiacha itulie, tukachota mawingu kwa kitambaa, tukayafunga na kuyawekea jiwe la mlango juu.

Kama umeacha nyama juzi, nakuonya: usiionje hapo. Haina ladha ya kitu chochote. Mimi nilikaa kitandani na kipande mdomoni nikataka kulia. Ikate vipande, iloweke kwenye maji moto yenye chumvi, kisha uifute ikauke kabisa. Tia mafuta kidogo kwenye kikaango, uache kila kipande mpaka kiachie chenyewe. Ukikibandua kwa haraka, kinavunjika. Kikishakuwa kahawia pande zote, kaanga kitunguu na tomati mpaka tomati ipoteze umbo, ongeza pilipili na karanga zilizosagwa, mchuzi ukiwa mzito rudisha vipande vyako. Ukiwa na sombe, majani ya muhogo, ya mawese, iweke tofu mwishoni, itakunywa mafuta yote. Na siku ya uvivu, ichome tu juu ya makala kwa chumvi na limau. Hiyo naipenda kuliko zote.

Nilijua hayo yote ndani ya wiki chache, kwa sababu nilikuwa na muda. Nilipika, nikala kitandani, mlango wazi ili sauti za lupango ziingie. Watoto wa chumba cha pili walikuwa wanagombania ukoko. Mimi chakula kitamu kilinishinda kukimaliza.

Siku niliyoona mboga ipo tayari nilibeba bakuli hadi Kamatanda, nikaliweka katikati ya sahani kubwa.

"Ni soja," nikasema. "Mimi nilipika."

Hakuna mkono uliosogea. "Kula weye wa kwanza," mkubwa akasema. Nikala. "Kula tena." Nikala tena.

Yule mcheshi akatikisa kichwa. "Mwenye dawa, dawa yake haimuuake."

Wakacheka, na safari hii kicheko kilidumu. Nikarudi na bakuli nyumbani. Mama alinikuta bombani nikitaka kuwamwagia bata. Akanipokonya, akala amesimama, akilamba vidole.

"Kesho pika mingi," akasema. "Minye nitaenda nayo."

Kesho yake mchana alifika Kamatanda na beseni kichwani, kikanda upande mmoja, tofu ya karanga, safari hii nyeupe bila kukaangwa, upande wa pili. Hakunitazama. Nilikuwa nimeketi na sahani yangu ndogo.

"Mama, hii kikanda nyeupe ni ya wapi?" mmoja wao akauliza.

"Ya ku nyumba yangu."

Wakanunua, wakamimina bakulini. Nilisikia matonge yakienda haraka, kisha ule ukimya wa watu wanaokula vizuri. Nikainuka, nikanawa mikono, nikaenda kuchuchumaa kwenye sahani kubwa.

"Yako iko pale, kaka," mkubwa akasema.

"Leo hakuna nyama humu."

Akatazama bakuli. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Mama, nani alipika hii?"

"Umekwisha kula. Tumbo inakuuma?"

"Apana."

"Basi unauliza nini?"

Mkubwa akaondoa mkono sahanini. Halafu akasema wameshiba, akaenda kunawa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila hasira, kama watu wanaoondoka kanisani. Mcheshi aliondoka akiwa bado na tonge mkononi.

Alibaki mmoja, yule aliyekuwa anaosha mawe upande wangu wa kushoto, ambaye hata sauti yake sikuwa naijua vizuri. Shavu lake lilikuwa limejaa.

"Weye hauende?" wakamwita.

"Minye sijashiba."

Tukala. Kila mtu alichovya upande wake, na katikati palikuwa na kipande ambacho hakuna aliyekigusa. Nilikisukuma kwake kwa kidole, akakitazama kidogo, akakichukua. Wale wengine walikuwa wamekaa juu ya magunia wakitutazama, au wakimtazama yeye, kuona kama kitamtokea kitu. Akafuta bakuli kwa tonge la mwisho.

"Mama atakuya tena kesho?" akauliza.

"Atakuja."

Akaitikia kwa kichwa, akakunja suruali, akarudi majini palepale, kando ya nafasi yangu. Nikasubiri ainame kwanza, ndipo nikaingia upande wangu.