Kivuli Kilichobaki Kufagia

Niliolewa katika kijiji cha ujamaa upande wa Ringwani kikiwa bado kipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi gwarideni, na ukikohoa jirani anakupa pole. Baba mkwe hakuupenda mstari ule hata kidogo. Alikuwa ameliacha boma lake la zamani ng'ambo ya mto, pamoja na zizi, ua wa minyaa na kaburi la mama yake. Alichohama nacho kwa moyo mmoja ni redio.

Kwa desturi yetu Wakurya, mkamwana na baba mkwe huoneana soni. Hamketi chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Kwenye maboma ya zamani jambo hilo halikuwa na taabu, nafasi ilikuwa tele. Kijijini, jiko langu na sebule yake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Waliopima viwanja hawakutuuliza habari za soni.

Mara moja kwa juma, ng'ombe wakishakamuliwa na taarifa ya habari ikishasomwa, kulikuwa na mchezo wa redio wa visa vya ajabu. Ukuta ulikuwa na ufa, nami niliutegea sikio huku nikisonga ugali. Kila juma fundi baiskeli mmoja alifika kijiji kipya na kukuta jambo lisiloeleweka. Mara kisima kinachojibu kwa sauti ya mtu aliyechota jana, mara bibi harusi ambaye nyayo zake hujaa maji hata wakati wa ukame. Fundi hakupigana na kitu chochote. Aliuliza maswali, akaziba pancha ya mtu, akaenda zake.

"Sasa huo mzimu haujachinjiwa hata kuku?" mama mkwe alilalamika kila mara. Mimi nilipenda hivyo hivyo. Miaka ile kila siku kulikuwa na mkutano, na kila mkutano mtu alisimama kutueleza jambo. Kumsikia mtu anayeona ajabu na kuiacha ilivyo kulinipumzisha kuliko usingizi.

Kisha nikajiharibia mwenyewe. Nilichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikaukandika ukuta wa jiko, nikaulainisha mpaka mama mkwe akaita majirani waje waone. Jioni ya mchezo natega sikio, kimya. Ufa nilikuwa nimeuziba kwa mikono yangu, tena kwa maringo. Nilikasirika, na ugali wa siku hiyo uliliwa mbichi.

Juma lililofuata nilikuta tundu. Lilikuwa jipya, la mviringo, unene wa ncha ya fimbo ya kuchungia, na udongo wake ulikuwa umemwagikia upande wangu. Mama mkwe hakuwa na fimbo. Jioni ile sauti ya redio iliongezwa kidogo.

Tatizo la mzee lilikuwa lile boma. Kila alipopata nafasi alivuka mto, akang'oa majani uwanjani pale, akarudi amelowa. Masika yakamletea ugonjwa wa kifua, akalazwa hospitali ya Mugumu. Daktari alimkataza mto kabisa. Safari nyingine ingemmaliza, sote tulijua, na sote tulijua vilevile kwamba akipata nguvu atakwenda. Wanawe walimsihi mpaka wakachoka.

Jioni aliyorudi nilikuwa jikoni. Nikamsikia akimwambia mkewe, "Mama, muulize huyo wa jikoni, fundi baiskeli alifika wapi nilipokuwa hospitali?"

"Muulize mwenyewe. Tundu si ulilitoboa wewe?" Akatoka kwenda kufunga ndama.

Nikausogelea ukuta, nikauambia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamsimulia kama nilivyosikia. Mzee mmoja alihamia mbali, na watu wakaona kwamba hana kivuli hata kwenye jua la asubuhi. Fundi akaenda kwenye nyumba yake ya zamani, akakikuta kivuli kinafagia uwanja. Aliporudi, mzee akamuuliza kama waende wakakichukue. Fundi akamjibu, "Sikukiona kimechoka." Akapanda baiskeli yake, mchezo ukaisha.

"Kinafagia?" baba mkwe aliuliza.

"Ndiyo, baba. Kila siku."

"Na makaburi?"

Ningeweza kumwongezea, na ulimi uliniwasha. "Hawakutaja makaburi, baba. Walisema kinafagia uwanja wote."

Alikohoa. "Basi pana mtu," alisema.

Kesho yake mchana nilichungulia mlangoni, nikamwona amesimama uwanjani na fimbo yake, uso ameuelekeza mtoni. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo kwetu mtu haachiwi kivuli. Akaangalia miguuni pake, akageuka huku na huku kama anayetafuta sarafu iliyoanguka. Kisha akacheka peke yake, akaichomeka fimbo kwenye nyasi za paa, akaingia ndani.

Hakuuvuka tena mto mpaka siku tulipomvusha sisi, tukamlaza kando ya mama yake. Nilimpenda mzee yule, na sikuwahi kuketi naye chumba kimoja. Miaka yote niliyokandika ukuta ule, nikilifikia tundu, nilizungusha udongo pembeni yake kwa kidole.